Alichosema Baba Yako Mlango Ulipofungwa

Karakana ya Mawe ya Makaburi,
Nyuma ya Kituo cha Mafuta,
S.L.P. 40.

Jumatatu, tarehe 9.

Mpendwa binti yangu Kasuku,

Pokea salamu zangu, nyingi kiasi kwamba kama zingekuwa na uzito, mtu wa posta angegoma kuibeba bahasha. U hali gani? Tumbo linasemaje? Unakula? Usinijibu "kidogo kidogo". Niandikie ulikula nini na ulimaliza au hukumaliza. Sisi huku hatujambo. Mimi baba yako mdogo ni mzima kama chuma cha reli, isipokuwa goti la kulia, nalo haliniumi ila ninapotembea.

Mama yako mzima. Shangazi yako mzima, na ulimi wake mzima zaidi.

Kazi inakwenda. Wiki iliyopita nilimaliza jiwe la fundi cherehani mmoja, herufi zimenyooka mpaka mjane wake akauliza kama nimezipiga kwa mashine. Nikamwambia, mama, wenye mashine walikuja kunitazama mimi ndipo wakajifunza. Unanijua. Shule niliiacha darasa la tano kwa hiari yangu, mwalimu akabaki analia kwamba nusu ya elimu yake inatoka mlangoni. Na yule mzee niliyemchongea jiwe lake angali hai, akalipenda hivi kwamba akaahirisha kufa kwa miaka kumi na mmoja, kila Jumapili anakuja kulipangusa vumbi. Hilo silitii chumvi, muulize mama yako. Au basi, usimuulize.

Najichelewesha. Najijua.

Barua yako ilifika Alhamisi. Niliisoma nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikaisoma mara ya tatu stoo, nimejifungia kama mwizi. Unasema uvimbe umekua. Unasema daktari alikupangia kukupasua na wewe umeahirisha mara mbili, sasa amekupa Jumatano ya tarehe 18 na amekwambia wazi kwamba ukiahirisha tena asije akalaumiwa. Halafu unasema sababu. Kila ukifika kwenye lango la hospitali mikono inakutetemeka, unaukumbuka ubeti wa mwisho wa baba yako, unaona aibu, unageuka. Karatasi yako ninayo hapa mezani. Umeandika: "Baba aliondoka bila hofu. Nitaingia siku nami nitakapokuwa hivyo. Sitaki kufa mwoga na yeye alikufa shujaa."

Mwanangu, maneno hayo nimeyafunika kwa patasi ndipo nikaweza kuandika.

Ubeti wenyewe unaujua kwa moyo, lakini ngoja niuandike tena, maana leo nataka tuutazame pamoja:

Naondoka kwa furaha, sina hofu sina shaka,
Maisha yangu ni raha, leo yamekamilika,
Msilie kwa karaha, chekeni ninapofika,
Mauti siyo jeraha, ni njia ya baraka.

Huo ndio niliokuandikia miaka mitatu iliyopita, ukiwa huko mbali na umekosa hata kumzika. Nilikuambia aliutunga kitandani, akausema kwa sauti safi, akatabasamu, akafumba macho. Huo ndio niliouchonga kwenye jiwe lake. Huo ndio mama yako alioushona kwa uzi wa bluu kwenye kitambaa cha meza. Watu wasiotuhusu kabisa wanapita makaburini, wanausoma, wanarudi migongo imenyooka.

Ubeti ule niliutunga mimi.

Haya, nimeliandika. Nimeinuka, nimekunywa maji, nimerudi, na bado liko palepale kwenye karatasi.

Sasa nikueleze vizuri, maana ulipoondoka huku ulikuwa bado unarukia mapajani kwetu, na mengine ulikuwa hujui. Karakana hii ilikuwa ya watu wawili. Mimi nilikuwa mkono, baba yako alikuwa mdomo. Mteja anaingia amevimba macho, anaketi, baba yako anamwuliza marehemu alipenda nini, alikuwa akicheka vipi, alikuwa akigombana na nani. Kisha anaweka mikono yake miwili mezani, vidole gumba amevificha chini, vidole vinane juu. Kila silabi ni kidole. Ta, ta, ta, ta, ta, ta, ta, ta. Nane za kipande cha kwanza, anarudi mwanzo, nane za kipande cha pili. Mshororo umetimia. Ndiyo maana walimwita Bwana Mizani, hata wale wasiojua shairi ni nini.

Na hakuwa anakubali huzuni kwenye jiwe. Ukimwambia aandike "ametuacha gizani" anakuonyesha mlango. "Jiwe halilii," anakwambia. "Kulia ni kazi yenu." Ndipo anakupa kitu kama kile alichomwandikia mke wa mlinzi wa benki: "Kifo ni mlango wazi, mwenye nyumba yuko ndani." Yule mlinzi alicheka mbele ya kaburi la mkewe, Kasuku. Nilimwona kwa macho yangu, na macho yangu hayajasoma sana lakini hayadanganyi kama mdomo.

Basi watu wakaamini kwamba aliyeandika hivyo hana woga. Wewe ukaamini. Mimi pia niliamini, mimi niliyelala naye kitanda kimoja utotoni.

Siku yenyewe ilikuwa mchana. Alikuwa amelala chumba cha nyuma cha karakana, kwa sababu alisema akilala nyumbani haisikii nyundo. Bati lilikuwa linalia kwa joto juu yetu. Mama yako alikuwa amekwenda duka la dawa. Nikaingia na mikono yangu ina vumbi la jiwe, akanitazama, akasema, "Funga mlango."

Nikaufunga.

"Naogopa."

Nikadhani sijasikia. Nikamwuliza kama anataka maji.

"Acha maji yako. Naogopa, mdogo wangu. Naogopa sana."

Sikujua niseme nini. Mimi, Kasuku! Mimi ambaye sijawahi kukosa la kusema hata kwenye mtihani nisioujua! Nikaropoka. Nikamwambia, wewe? Wewe wa mlango wazi? Wewe uliyewachekesha wajane mia?

"Hayo yalikuwa ya wateja," akasema. "Kifo cha mwenzio ni rahisi kukipatia vina."

Alikuwa anatetemeka. Shuka lote lilikuwa linatetemeka. Nikakaa kitandani nikamshika mkono kwa huu wa kushoto, wenye kigutu. Akakipapasa kile kigutu kwa kidole gumba, akasema, "Nidanganye kidogo. Nipe kile kidole."

Unazijua zile habari za kidole changu kidogo. Wewe nilikuambia kililiwa na mamba. Binamu zako niliwaambia nilimkopesha mfalme fulani na hajarudisha. Ukweli ni kwamba kilibanwa na jiwe Jumanne moja asubuhi, nikiwa napiga soga badala ya kushika kamba. Baba yako ndiye aliyeliinua lile jiwe. Alijua kila kitu. Lakini aliniomba, nami nikampa mpya, niliyoitunga papo hapo. Nikamwambia kidole hakikukatika, kilitoroka. Kilichoka kuishi na wenzake wanne chumba kimoja. Kikaenda mjini, kikaoa kidole cha mshona viatu, mwanamke mwenye tabia njema ila ana sugu. Sasa kina watoto watatu, na mkubwa anajifunza udereva.

"Anafikaje kwenye breki?" akaniuliza.

"Ndiyo maana amefeli mara mbili," nikamwambia.

Akacheka. Wallahi alicheka, na kutetemeka hakukuisha. Vyote viwili pamoja, kama mtu anayejimwagia maji ya baridi asubuhi. Na vidole vyake vikaanza kupiga kiganjani mwangu, nikajua anatunga. Vinne, kisha vinne tena. Akasema taratibu, kila silabi na kidole chake:

Naogopa na nacheka.

Nane kamili. Akapumua. Nikasubiri kipande cha pili. Nikamwinamia, nikasubiri, mkono wake uko ndani ya wangu, vidole vimeinuka kidogo kama vinavyoinuka mtu anapotafuta neno.

Bado nasubiri, Kasuku.

Nilipofungua mlango, mama yako amesimama na dawa mkononi, na majirani nyuma yake, na wateja wawili, na fundi wa kituo cha mafuta. Hakuna aliyeniuliza kama amekufa. Walikuwa wananitazama mdomoni. Walijua mtu kama yule hawezi kuondoka bila kuacha neno. Na mimi, Mungu anisamehe, maisha yangu yote nilitamani watu wanitazame hivyo. Nikaona nina kipande kimoja, nusu mshororo, na ndani yake kuna neno "naogopa". Nikaona nikiwapa hicho nitamvua nguo ndugu yangu mbele za watu. Nikasema, "Ameacha ubeti. Ngoja niuandike usije ukanipotea." Nikaingia stoo. Kwa dakika ishirini nikatunga, nalia, mikono mezani kama yake.

Ndiyo kazi bora niliyowahi kufanya, na sijaweza kujisifia hata mara moja. Unafikiri hiyo si adhabu?

Lakini adhabu yenyewe ni nyingine.

Wiki ya pili baada ya kulisimamisha jiwe lake, saa nane mchana, jua limesimama mlangoni na lori linapakuliwa mchanga pale nje, nikasikia vidole mezani. Upande wake wa meza. Ta, ta, ta, ta, ta, ta, ta. Saba. Kisha kimya. Kisha mwanzo tena. Saba, kimya.

Nikasema ni mchwa. Nikaipaka meza mafuta ya taa. Nikasema ni bati. Nikaihamisha meza mpaka ukuta wa pili, vidole vikahama nayo. Nikawasha redio, vikasubiri wimbo uishe. Nimekutisha kwa majini ya kubuni tangu una miaka minne, kwa hiyo najua unavyosoma hapa. Ubaya wa kuwa mwongo ndio huo: siku jambo likikutokea kweli huna shahidi hata wewe mwenyewe.

Mwaka mzima sikujua kwa nini saba. Nilijuzwa na yule mwalimu mstaafu, rafiki wa baba yako, aliyekuwa akigombana naye juu ya mashairi mpaka chai inapoa. Alikuwa ametoka makaburini. Aliingia bila hodi, fimbo mkononi.

"Nani ametunga ule ubeti?"

"Marehemu."

"Usinitanie, bwana. Kipande cha mwisho kina mizani saba. Ndugu yako hata afe mara tatu, hapunguzi mizani."

"Mwalimu, mtu anakata roho, atahesabuje?"

"Yule? Angeiambia roho isubiri."

Akaondoka. Nami nikaitazama mikono yangu juu ya meza. Vidole vinane, na kimoja ni kigutu. Nikihesabu huwa nakigonga kigutu kama vile ni kidole kizima. Nimezoea. Siku ile stoo nilikumbuka kukigonga kwenye vipande saba. Kwenye kipande cha nane machozi yalikuwa yamejaa, nikakiruka. "Ni njia ya baraka." Hesabu mwenyewe. Nimechonga kosa langu kwenye kaburi la Bwana Mizani, kwa herufi nzuri kuliko zote nilizowahi kuchonga. Na kosa la jiwe halifutiki kwa kifutio. Ni kuushusha uso wote wa jiwe, tabaka zima, mpaka herufi iliyozama kuliko zote ipotee, ndipo uanze upya.

Sikuushusha. Niliogopa kuulizwa kwa nini. Nikakaa na vidole vyangu saba miaka miwili zaidi, mpaka barua yako.

Leo asubuhi nilimweleza mama yako. Alikuwa anachambua mchele. Akanisikiliza mpaka mwisho, akatoa jiwe moja kwenye ungo, akalitupa nje.

"Shemeji," akasema, "mume wangu alikuwa akiona mende anapanda juu ya kiti. Ndiye angeondoka bila hofu?"

"Kumbe ulijua?"

"Siku ileile."

"Na mbona ukaushona kwenye kitambaa?"

"Ulikuwa umesimama pale na patasi, unalia kama mtoto. Ningekunyang'anya?" Kisha akaacha kuchambua. "Lakini sikujua kwamba mwanangu anauabudu. Mwandikie. Leo leo."

Nilidhani nikishaungama vidole vitanyamaza. Havijanyamaza. Vinapiga hivi sasa ninapoandika, na mama yako yuko hapa mlangoni, anasema hasikii kitu.

Sasa nisikilize, Kasuku. Yule baba asiye na hofu unayemsubiri ufanane naye hakuwahi kuwepo. Nilimtunga mimi stoo, kwa vidole pungufu. Ukisubiri siku utakapokuwa kama yeye, unausubiri uongo wangu, na uongo wangu hauna siku. Nimewahi kudanganya watu wakacheka, wakakasirika, wakaninunulia chai. Sijawahi kudanganya mtu akafa. Usiwe wa kwanza. Nakuomba kwa magoti yote mawili, hata hili bovu.

Baba yako wa kweli alikuwa anatetemeka. Hakutulia kwanza ndipo akacheka. Alicheka humohumo ndani ya kutetemeka, na akapata pumzi ya kuuliza habari za breki. Miaka mitatu nimekiona kile kipande chake kuwa ni aibu ya kufichwa. Sasa najiuliza kama katika mawe yote tuliyouza, mamia, kuna lililosema jambo zuri kuliko lile. Kwa maana mlango wazi na njia ya baraka tuliandika tukiwa hatuendi popote. Lile alilisema akiwa miguu imeshavuka kizingiti. Na bado kulikuwa na kicheko ndani yake.

Kwa hiyo ingia Jumatano unatetemeka. Usingoje mikono itulie. Mwambie nesi, "Natetemeka," akushike, ndiyo kazi yake. Daktari ndiye anayetakiwa asitetemeke, wewe huna mkataba huo.

Na mimi nakuja. Nitafika Jumanne tarehe 17 kwa basi la asubuhi. Sasa hapa nina ungamo la pili, dogo. Zile safari zangu za nchi saba, ile meli iliyozama nikaogelea na mbuzi mgongoni, ule mji wenye barabara za kioo. Mwanangu, sijawahi kuvuka daraja la mto wa hapa kwetu. Miaka hamsini na mitatu. Nikiliona tu, nageuka. Jumanne nitalivuka. Nimemwambia mama yako anishonee jina na anwani yako ndani ya kofia, nikizimia waniteremshe panapotakiwa. Kituoni umtafute mtu mwenye kofia ya kahawia aliyeshika nguzo kwa mikono yote miwili. Barua hii nitampa dereva wa lori la mchanga anayekuja huko kesho, ili ikufikie kabla yangu.

Kuhusu jiwe, sitaamua mimi. Niliwahi kuamua peke yangu na umeona. Nikiushusha uso wake, wale wanaopita kujipa moyo watakuta jiwe tupu, au watakuta nusu mshororo wenye neno "naogopa". Nikiuacha, baba yako ataendelea kuhesabu mezani. Mama yako anasema jiwe ni la mtoto wake. Basi ni lako. Utakapopona utakuja, utasimama mbele yake kwa miguu yako, utaniambia piga au acha. Nitapiga. Nitaacha. Lakini lazima uje uniambie, kwa sababu mtu mwingine wa kuniambia sina.

Mama yako anakusalimu na anasema ulale kwa ubavu wa kushoto. Shangazi anakusalimu na anasema mengi, nimechagua haya: usimwamini baba yako mdogo ila kwenye barua hii. Mwalimu mstaafu anakusalimu. Fundi wa kituo cha mafuta pia, anauliza kama huko mliko mafuta yanapatikana.

Mungu aishike mikono ya daktari, na mkono wake mwingine auweke juu ya mikono yako. Akutoe mle ndani na sauti yako ileile uliyokuwa ukikariria beti mapajani mwa baba yako, hata ikitoka na kigugumizi.

Ni mimi ninayekupenda, na ninayeogopa pamoja nawe,
Baba yako Mdogo.